Bima ya matunzo Ujerumani: tuliyoyapitia kumuuguza Baba

Baba alianza kukatwa bima hii mwaka 1995, mwaka ilipoanzishwa, na hakuwahi kuuliza ni ya nini. Kwenye karatasi ya mshahara ilikuwa mstari mmoja wenye neno refu, Pflegeversicherung, karibu na ule wa bima ya afya, naye akaiweka kwenye fungu la kodi: vitu ambavyo mtu hukatwa akanyamaza. Alifika Hamburg kwa meli miaka ya sabini, akafanya kazi bandarini mpaka alipostaafu, na baada ya hapo makato yakahamia kwenye pensheni. Karibu miaka thelathini ya kulipa. Ni bima ya kumtunza mtu asiyeweza tena kujihudumia: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kufuata saa za dawa. Mwenye bima ya afya ya umma anayo hii pia, atake asitake.

Alipopata kiharusi mwishoni mwa 2023, aliyetufumbua macho hakuwa daktari. Alikuwa mama mmoja wa Mombasa niliyekutana naye kwenye korido ya hospitali, akimuuguza mumewe. Baada ya salamu na pole akaniuliza, "Pflegekasse ushawapigia?" Nikamwambia bado, Baba hata hajaruhusiwa kutoka.

"Piga leo, mwanangu. Mwezi unakwisha, na hawa hawalipi mwezi uliopita."

Ni kweli. Malipo huhesabiwa kuanzia mwezi wa maombi, wala si mwezi mtu alipougua. Simu inatosha kuanzisha maombi, fomu inafuata kwa posta. Pflegekasse ni mfuko ulio ndani ya kampuni ileile ya bima ya afya, kwa hiyo huna haja ya kutafuta ofisi nyingine. Nilipiga palepale karibu na mashine ya kahawa, nikataja jina la Baba na namba ya kadi yake, nikaandika jina la aliyepokea simu na saa aliyopokea. Karatasi ile ikaja kuwa na thamani baadaye. Hospitali nazo zina ofisi ya ustawi inayoweza kutuma maombi kabla mgonjwa hajatoka, lakini wagonjwa ni wengi na wafanyakazi ni wachache, usikae kungoja waje kitandani.

Neno moja kwa wanaopanga kumleta mzazi kutoka nyumbani ili atunzwe huku. Bima hii inamtaka mtu awe amekuwa mwanachama angalau miaka miwili katika miaka kumi iliyotangulia maombi. Mama aliyekuja kwa viza ya matembezi hana chake hapa.

Kelele za ukoo zilianza mapema kuliko barua za ofisi. Kwenye kundi letu la WhatsApp tuko Unguja, Muscat na Hamburg, na kila mmoja ana rai. Kaka yangu wa Muscat alisema mzee hatunzwi kwa fomu, mzee anatunzwa na watoto wake. Shangazi akauliza kama tunampeleka Baba Sebleni ya Wazungu. Asiyekulia Unguja huenda asilisikie kama tulivyolisikia sisi. Sebleni na Welezo ni nyumba za serikali za wazee, na katika fikra za watu wa rika la Baba anayekaa kule ni yule asiye na mtu. Basi kuomba pesa ya matunzo kukaonekana ni kumtangaza Baba kuwa hana watoto. Nilijibu kwa hasira siku ile, na sijutii sana, kwa sababu wote waliokuwa wakitoa rai hakuna aliyekuwa akimnyanyua kitandani.

Mgumu kuliko wote alikuwa Baba mwenyewe.

Baada ya maombi, mfuko humtuma mkaguzi kutoka chombo kinachoitwa Medizinischer Dienst, aje nyumbani kumwona mgonjwa. Uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 25 za kazi. Asubuhi ya ukaguzi nilimkuta Baba amevaa kanzu ya Idi na kofia ya viua, ndevu amenyoa kwa mkono wa kushoto, kidevu kina damu mahali pawili. Kuvaa kule kulimchukua tangu swala ya alfajiri, na vifungo vya shingoni vilikuwa wazi kwa kuwa mkono wa kulia haukuvimudu. Mkaguzi, mama wa makamo, aliketi akafungua kompyuta yake. Kijerumani cha Baba kilikuwa kimepungua baada ya kiharusi, kikabaki cha salamu na cha bandarini, kwa hiyo mimi nikawa mkalimani.

Unaweza kuoga mwenyewe? "Naam." Ngazi je? "Mimi baharia." Usiku unaamka, unahitaji msaada? "Nalala usingizi wa pono."

Na mimi niko palepale, nasikia mashine ya kufulia inazunguka, ndani yake mna mashuka ya usiku uleule. Nikatafsiri neno kwa neno. Mtoto utamkanushaje baba yako mbele ya mgeni, tena kwa mambo ya chooni? Tumelelewa kumsitiri mzee. Bima hii nayo inataka kuonyeshwa kile hasa tulichofundishwa kukifunika, na sidhani kama kuna kipeperushi cha ofisi kinachomwandaa mtu kwa hilo.

Baada ya wiki chache barua ikaja: Pflegegrad 1, daraja la chini kabisa. Ngazi ziko tano, zilichukua nafasi ya utaratibu wa zamani mwaka 2017, na daraja la kwanza halina pesa taslimu ya mwezi. Linatoa vitu vidogo vidogo: fungu la kulipia msaada kwa risiti, ambalo kwa viwango vya 2025 ni euro 131 kwa mwezi, vifaa vya kutumia na kutupa kama glavu na vitandiko vya karatasi hadi euro 42, na ruzuku ya kurekebisha nyumba. Ruzuku hiyo nitairudia.

Pamoja na barua huja ripoti ya mkaguzi. Usiitupe kabatini. Niliisoma usiku na kamusi pembeni, na hapo ndipo nilipoelewa mchezo mzima. Mkaguzi haupi alama ugonjwa. Anaipa alama kila shughuli ambayo mtu hawezi kuifanya peke yake. Kutembea na kugeuka kitandani kuna uzito wa asilimia 10. Akili, mawasiliano na tabia, 15. Kujihudumia, yaani kuoga, kuvaa, kula na choo, 40. Dawa na matibabu, 20. Kupanga siku na kukaa na watu, 15. Alama zikifika 12.5 unapata daraja la 1, 27 la 2, 47.5 la 3, 70 la 4, 90 la 5. Kiharusi kikubwa kwa mtu anayejiweza kinaweza kutoa alama chache kuliko magoti mabovu ya mtu asiyeweza kuingia bafuni. Kwenye ripoti ya Baba, safu yenye uzito kuliko zote ilikuwa imejaa neno "anajitegemea", toka juu hadi chini. Kanzu ya Idi ilikuwa imetugharimu daraja.

Una mwezi mmoja wa kupinga, kwa maandishi, bila ada. Barua ya kwanza inaweza kuwa mistari miwili tu: napinga uamuzi wa tarehe fulani, sababu zitafuata. Tarehe ndiyo muhimu. Kisha nikaenda Pflegestützpunkt, vituo vya ushauri vya umma ambavyo hapa Hamburg viko katika mitaa mbalimbali. Ushauri ni bure. Bwana mmoja pale akanipa karatasi tupu za shajara, akanambia niandike wiki mbili nzima: saa, nini kimefanyika, nani kasaidia, dakika ngapi. Usipambe, akasema, na usifiche.

Kuandika kulikuwa kugumu kuliko kazi yenyewe. *Saa 8 usiku, kitanda kimelowa, nimembadilisha, amelia.* Kuliona hilo kwa mwandiko wangu kuliniumiza kuliko usiku wenyewe. Lakini pia niligundua vitu nilivyokuwa nimeacha kuvihesabu kwa mazoea: kumkumbusha kumeza, kumfunga soksi, kusimama nje ya mlango wa bafu na kuita "Baba, uko salama?" Vyote hivyo vina alama. Kusimamia ni kusaidia, hata kama hujagusa.

Ilibaki kumshawishi mwenyewe. Nilijaribu huruma, ikashindikana. Nikaja kwa hesabu. Nilimwekea mezani karatasi za pensheni, nikamwonyesha makato ya kila mwezi. Mwaka 2025 kiwango ni asilimia 3.6 ya kipato, na mstaafu analipa yote peke yake, hana mwajiri wa kumchangia nusu. Akazitazama kimya, halafu akauliza, "Hizi zote walikuwa wanachukua?" Nikamwambia tangu 1995, Baba. Akasema basi waje, na vazi atavaa lilelile la kila siku. Kwake sadaka ilikuwa fedheha, lakini deni lake mwenyewe alikuwa tayari kulidai.

Ukaguzi wa pili ulifanyika mchana, Baba akiwa na singleti na suruali ya kulalia. Safari hii nilikuwa nimeandaa nakala ya shajara, orodha ya dawa na barua ya hospitali, na nilipomsindikiza mkaguzi mlangoni nikamwambia yale ambayo Baba asingependa kuyasikia yakisemwa mbele yake. Wamezoea, ni sawa kuomba dakika mbili za faragha. Tukapata daraja la 2, na malipo yakarudi nyuma mpaka mwezi wa ile simu ya hospitalini. Jina la aliyepokea simu lilikuwa bado kwenye karatasi yangu.

Sasa pesa yenyewe. Familia ikitunza yenyewe, mfuko hulipa kinachoitwa Pflegegeld. Kwa viwango vya 2025 ni euro 347 kwa daraja la 2, 599 kwa la 3, 800 kwa la 4 na 990 kwa la 5. Inaingia kwenye akaunti ya mgonjwa, ni yake, naye ndiye anayeamua ampe nani. Mkichagua kampuni ya wauguzi ije nyumbani, mfuko hulipa kampuni moja kwa moja, na kiasi ni kikubwa zaidi: 796, 1,497, 1,859 na 2,299. Watu wengi hawajui kwamba unaweza kuchanganya. Ukitumia asilimia 60 ya fungu la kampuni, unabakiwa na asilimia 40 ya Pflegegeld.

Nisiwafiche: kwangu mimi hesabu haikutoka sawa. Nilipunguza saa za kazi hotelini, na mshahara uliopungua ulizidi euro 347 kwa mbali. Mgongo ukaanza kuuma. Nilikuwa nikimfokea mwanangu kwa hasira ambazo hazikuwa zake. Wanaosema Waafrika tunatunza wazee wetu bure, waje waseme mbele ya mtu anayefanya kazi hiyo. Hakuna cha bure, kuna mtu mmoja tu analipa, na mara nyingi ni binti.

Kitu kimoja kilinipa nafuu. Mfuko unamlipia mtunzaji michango ya pensheni, ikiwa mgonjwa ana daraja la 2 kwenda juu, unamtunza angalau saa kumi kwa wiki zilizogawanyika siku mbili au zaidi, na kazi yako ya mshahara haizidi saa 30 kwa wiki. Inahitaji kujaza dodoso. Nilipowaambia wenzangu wa msikitini, wawili walikuwa wametunza kwa miaka bila kulijaza.

Bafuni. Ruzuku ya kurekebisha nyumba ni hadi euro 4,180 kwa mradi mmoja. Sisi tulitaka kuondoa beseni la kuogea na kuweka bafu la manyunyu lisilo na kizingiti. Leta kwanza makadirio ya fundi, pata idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi, tuma maombi, ngoja jibu, ndipo fundi aguse kigae. Jirani yetu Mturuki alianza na fundi, akaishia kubishana na mfuko kuhusu pesa ambayo ilikuwa haki yake.

Mwaka 2025 Baba alianguka kwenye ngazi. Anakaa ghorofa ya tatu, jengo la zamani, lifti hakuna. Nikaomba apandishwe daraja, na kwa shajara ileile iliyoendelezwa tukapata la 3 bila mabishano. Hapo tukaanza kuchanganya: kampuni inakuja asubuhi kumwogesha, mimi jioni. Kampuni ya kwanza sitaitaja. Mwisho wa mwezi mgonjwa huwekewa karatasi ya huduma mbele yake asaini, na mfuko unalipa kwa karatasi hiyo. Baba alikuwa akisaini kwa heshima, na mle ndani mlikuwa na kuogeshwa mwili mzima siku ambazo alinawishwa uso tu. Tukabadilisha kampuni. Sasa karatasi ile inasainiwa mimi nikiwepo, na daftari letu liko mezani.

Kaka wa Muscat hakuacha shauri lake la kumrudisha Baba Unguja, na kwa kweli Baba mwenyewe aliwahi kulitamani. Tulilichunguza kwa makini. Pensheni ya kazi inamfuata mtu mpaka Unguja. Bima ya matunzo haivuki. Ukihamia nje ya nchi za Umoja wa Ulaya na zile zinazoambatana nazo, haki yako inalala. Kwa safari ya muda, tulipouliza 2024, Pflegegeld iliendelea kulipwa hadi wiki sita kwa mwaka. Bima ya afya ya huku nayo hailipi hospitali ya Tanzania, kwa hiyo mgonjwa wa kiharusi anahitaji bima ya safari, na kuipata kwa mtu wa hali yake ni kazi. Tulikwenda kwa muda ule wa wiki sita. Alikaa barazani mtaani Ng'ambo, Unguja, watu wakamjaa, akanenepa. Shangazi alimwogesha siku chache, kisha akaniita jikoni na kunambia kwa sauti ya chini, "Kumbe ndo hivi." Tangu siku hiyo Sebleni haikutajwa tena kwenye kundi.

Tulifikiria pia nyumba ya wazee, kwa sababu siku inaweza kufika. Bima hailipi yote, na hapa ndipo wengi wanaposhtuka. Kwa daraja la 3 inatoa euro 1,319 kwa mwezi, na juu yake nyongeza inayopunguza gharama ya uuguzi kwa asilimia 15 mwaka wa kwanza, 30 wa pili, 50 wa tatu, na 75 baadaye. Malazi, chakula na gharama za jengo haziguswi na nyongeza hiyo. Mwaka 2025 wastani wa mzigo unaobaki kwa mgonjwa katika mwaka wa kwanza ulipita euro 3,000 kwa mwezi nchi nzima. Pensheni ya bandarini haifiki huko. Pakipungua, ofisi ya ustawi ya mji, Sozialamt, inaongezea, baada ya kutazama akiba ya mgonjwa na kumwachia euro 10,000.

Hofu ya kaka ilikuwa kwamba watamfuata yeye na mimi tulipe. Tangu 2020 mtoto hadaiwi mpaka kipato chake cha mwaka kabla ya makato kizidi euro 100,000. Nilipomtumia ujumbe huo alijibu kwa emoji ya kicheko, halafu kwa mara ya kwanza akauliza Baba analala saa ngapi.

Kwa sasa tumetua mahali pa katikati. Kuna vituo vya mchana, Tagespflege, ambako mzee anachukuliwa na gari asubuhi na kurudishwa alasiri. Kwa daraja la 3 fungu lake ni euro 1,357 kwa mwezi, na ni fungu la peke yake: halipunguzi Pflegegeld hata senti. Sielewi kwa nini hili halisemwi kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kipeperushi. Baba anakwenda siku mbili kwa wiki. Siku ya kwanza alikaa na koti mwilini mpaka wakati wa chakula, akisubiri gari la kurudi. Kisha akampata mzee mwingine wa bandarini anayecheza dhumna, na sasa wanagombana kwa lugha ambayo nusu ni Kijerumani na nusu ni matusi ya melini. Chakula cha mchana hakimo kwenye lile fungu, lakini kinaweza kulipwa kwa zile euro 131 za msaada kwa risiti, na zisizotumika mwaka huu hubaki mpaka tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Kituo chetu kilikuwa na foleni ya miezi, kwa hiyo jiandikisheni wakati bado mnadhani hamkihitaji, na mwambieni dereva mapema kama mgonjwa anakaa ghorofani bila lifti, maana si kila gari linakuja na mtu wa kumteremsha.